Mwongozo kamili: namna ya kusoma kisa cha Biblia kama kioo cha moyo wako

Mpe mtu kisa cha Biblia, mwambie akisome kama ishara ya mambo ya ndani, na karibu kila mara ataanza kwa kumsaka adui. Farao anakuwa mwenye nyumba anayedai kodi. Goliati anakuwa bosi. Yezebeli ni mke mwenza, au yule jirani aliyejenga ghorofa mwaka jana. Msomaji anafunga Biblia akiwa na hasira kuliko alipoifungua, na moyo wake haujaguswa popote.

Kanuni inayobeba mwongozo huu ni moja: kila aliyemo kisani anaishi ndani yako. Ukimkuta Farao wako anaishi nyumba ya pili, umepotea njia. Rudi hatua ya 5.

Kwa anayeogopa kwamba huku ni kuigeuza Biblia kuwa hadithi ya sungura na fisi: Paulo mwenyewe aliwasoma Sara na Hajiri hivi (Wagalatia 4:24), na ule mwamba wa jangwani pia (1 Wakorintho 10:4). Hakusema Hajiri hakuwahi kuwapo. Alisema kisa chake bado kinaendelea kusema.

Mfano wetu hapa ni mmoja mwanzo hadi mwisho: Naamani, jemadari wa Shamu aliyekuwa na ukoma, 2 Wafalme 5, aya zote 27. Fungua hapo sasa.

## Mahitaji

Biblia mbili za tafsiri tofauti. Chukua Union Version ya 1952, ile ambayo wengi wetu tumeizoea, pamoja na Habari Njema au Biblia ya lugha ya mama: Luganda, Runyankole, Acholi, Ateso, yoyote unayoota nayo ndoto. Tafsiri moja ikizoeleka sana, macho yanateleza juu ya maneno bila kuyaona.

Daftari la kurasa 96. Hili ni la kazi hii tu. Usichanganye na mahesabu ya duka.

Kalamu mbili, ya bluu na nyekundu. Bluu ni ya yaliyoandikwa katika Biblia, nyekundu ni ya mawazo yako. Ni jambo dogo, lakini wanaoliruka hushindwa baadaye kujua lipi Biblia ilisema na lipi walilibuni wenyewe.

Dakika 40 kwa siku, siku saba, kisa kimoja. Alfajiri ni bora, kabla bodaboda hazijaanza kupiga honi. Simu ikae chumba kingine.

Mtu mmoja wa kukusikiliza siku ya sita. Awe anayekufahamu vya kutosha kukwambia "hapo unajidanganya". Asiwe mtu unayemtegemea kwa pesa, wala kiongozi anayepata chochote kutokana na utii wako.

Kamusi ya alama za Biblia huihitaji. Ukiwa nayo, ifungie kabatini mpaka wiki iishe. Sababu iko hatua ya 4.

## Hatua ya 1: Chagua kisa chenye safari

Kisa kinachofaa kina mtu anayetoka hali moja na kufika nyingine, na njiani kuna kitu kinachomgharimu. Kiwe cha aya 6 hadi 35. Zaidi ya hapo utachoka kabla ya kuzama.

Vinavyofaa kwa kuanzia: Naamani, maji ya Mara (Kutoka 15:22-27), Yakobo akishindana mieleka kwenye kivuko cha Yaboki (Mwanzo 32:22-32), mwana mpotevu (Luka 15:11-32).

Usianze na Ufunuo wala Danieli. Humo ishara zimeshawekwa juu ya ishara, na mwanafunzi mpya huishia kuhesabu pembe za mnyama.

## Hatua ya 2: Soma kama habari tu (siku ya 1)

Soma kwa sauti mara tatu, mara ya tatu katika tafsiri ya pili. Kisha funga Biblia na usimulie kisa kwa dakika mbili bila kutamka neno "inamaanisha".

Ishara husimama juu ya habari kama nyumba juu ya msingi. Ukikosea habari, ishara yote itainama.

Kwa Naamani, wengi husimulia kwamba nabii Elisha alitoka nje akamwambia aoge. Hakutoka. Alimtuma mjumbe (aya 10), na ni kutotoka huko kulikomkasirisha jemadari. Wengine humaliza kwenye aya 14, Naamani anapotakasika, wakaacha aya 13 zilizobaki. Wanaofanya hivyo hawatamwona Gehazi, mtumishi wa Elisha, na bila Gehazi kisa hiki ni nusu.

*Umefaulu ikiwa:* unaweza kumsimulia mtoto wa miaka kumi na akakuuliza "halafu?"

## Hatua ya 3: Andika orodha nne (siku ya 2, kalamu ya bluu)

Gawa ukurasa sehemu nne: watu, mahali, vitu na namba, vitenzi.

Watu: Naamani, mfalme wa Shamu, msichana mateka, mke wa Naamani, mfalme wa Israeli, Elisha, mjumbe, watumishi, Gehazi. Usimwache mtu kwa sababu hana jina. Katika visa hivi, asiye na jina mara nyingi ndiye mwenye ufunguo.

Vitu na namba: talanta 10 za fedha, vipande 6,000 vya dhahabu, mavazi 10, barua, farasi na magari, Yordani, mara saba, mzigo wa udongo wa nyumbu wawili. Talanta moja ni kama kilo 34, kwa hiyo mtu huyu amesafiri na zaidi ya kilo 300 za fedha kwenda kununua uponyaji.

Vitenzi ndivyo vinavyorukwa, na ndivyo vyenye mwendo wa kisa. Naamani *akaja* na farasi, *akasimama* mlangoni, *akakasirika*, *akageuka*, *akashuka*, *akajichovya*, *akarudi*. Soma hivyo peke yake, uone. Mtu amefika akiwa juu ya gari, na uponyaji umemkuta alipokubali kushuka. Hiyo huwezi kuipata kwa kukodolea macho namba saba.

## Hatua ya 4: Tafuta penye ajabu

Bado siku ya 2. Weka alama ya kuuliza kila mahali ambapo ungekuwa mwandishi usingeandika hivyo. Kwa nini Naamani anataka udongo? Kwa nini habari ya kwanza ya uponyaji inatoka kwa mtoto aliyetekwa na jeshi lake mwenyewe? Kwa nini akishapona anaomba msamaha mapema kwa jambo ambalo bado hajalifanya (aya 18)?

Hapa ndipo kamusi ya alama inapoharibu. Itakwambia "maji ni utakaso", nawe utaridhika na kuacha kutazama. Lakini maji ya Nuhu yanazamisha, ya Bahari ya Shamu yanafungua njia kwa hawa na kuifunga kwa wale, ya Mara hayanyweki, na ya Yordani, kwa macho ya Naamani, ni ya hovyo tu. Ishara inapata maana yake kutoka kwenye kazi inayofanya ndani ya kisa *hiki*.

Mfano ni ile mara saba. Badala ya kuuliza saba ni namba ya nini, uliza inafanya nini. Inamfanya mtu mkubwa ajichovye mara sita huku Biblia haisemi kitu kimebadilika, na watumishi wake wakitazama.

## Hatua ya 5: Wahamishe wote waingie ndani (siku ya 3 na ya 4)

Hapa ndipo wengi wanakwama, kwa hiyo tutakwenda polepole. Chukua kalamu nyekundu. Kwa kila mtu na kila kitu kwenye orodha, anza sentensi kwa maneno "Ndani yangu kuna..." Ukianza kwa "Huyu ni kama fulani", futa.

Naamani. Ndani yangu kuna afande. Amepigana, ameshinda, anapigiwa saluti. Union Version inamsifu mstari mzima kisha inaweka neno moja: *lakini* alikuwa mwenye ukoma. Andika sifa zako tatu za kweli, kisha uandike *lakini* yako. Iwe moja, na iwe ile ambayo gwanda linaificha. Ukiandika "lakini nina huruma kupita kiasi", umejisifu mara ya nne.

Msichana mateka. Ndani yangu kuna kitu kidogo nilichokiteka zamani nikakifanya kitumike jikoni. Kinajua pa kwenda. Hapa Kiebrania kinasaidia: maneno mawili yanayomwita "msichana mdogo" katika aya 2 ni yaleyale, kwa umbo la kiume, yanayotumika katika aya 14 kusema mwili wa Naamani ulirudi kuwa kama wa "mvulana mdogo". Jemadari amepona kwa kufanana na mtoto aliyemteka. Kaa na jambo hili siku nzima kama unaweza. Uliza ni kipi ndani yako kilichokuwa kikisema ukweli kwa sauti ndogo ukakituma kuosha vyombo.

Fedha, dhahabu, mavazi na barua. Ndani yangu kuna desturi ya kutaka kulipia. Inaweza kuwa sadaka kubwa, mfungo mrefu, mkesha wa nne mfululizo, ili mradi nisiingie na mikono mitupu.

Mfalme wa Israeli. Anasoma barua, anararua mavazi, anaona vita. Ndani yangu kuna mwenye kiti cha enzi asiye na dawa, na kila ombi kwake ni uchokozi. Pita haraka, kwa wengi huyu haongei sana.

Elisha asiyetoka nje. Naamani alitarajia nabii atoke, asimame, aombe kwa sauti, apitishe mkono mahali penye ugonjwa. Kwa lugha yetu, alitaka jukwaa, kinanda na maikrofoni. Ndani yangu kuna kilicho kitakatifu kisichokubali kufanya maonyesho. Andika ni lini hasa umekasirika kwa sababu jibu lilikuja kwa mjumbe.

Abana na Farpari, na Yordani. Mito ya Dameski ni mizuri kweli, kisa hakikatai. Naamani anaona kama ameambiwa aiache Nile ya Jinja akaoge kwenye mtaro wa Nakivubo. (Yordani si mtaro. Ndivyo tu alivyouona akiwa juu ya gari.) Ndani yangu kuna mito miwili ninayoipenda kwa sababu niliichagua mwenyewe. Na kuna mmoja wa matope, unaojulikana sana, ambao naupita kila siku. Utaje: kuomba radhi, kulipa deni la shilingi 40,000, kwenda kwa daktari, kunyamaza.

Watumishi. Wanamwita "baba yangu", wanamuuliza swali moja la adabu, na hasira inashuka. Ndani yangu kuna akili ya kawaida inayongoja nimalize kufoka.

Gehazi. Huyu ndiye mtihani. Amekaa na nabii, ameona muujiza, na bado anakimbiza gari kwenda kudai talanta moja na mavazi mawili. Anapewa talanta mbili, na ukoma wa Naamani unamshika yeye. Ndani yangu kuna anayesubiri kitu kizuri kitokee ili akiuze. Ukishaanza kupanga namna utakavyowashuhudia watu Jumapili juu ya uzuri wa daftari hili, Gehazi ameshatoka mbio.

*Hatari:* watu wazuri ni rahisi kuwahamisha, wabaya wanagoma. Ukiona umekuwa Elisha na msichana, lakini Gehazi amekuwa shemeji yako, hujamaliza. *Hatari ya pili* ni kinyume chake: mtu anajitwika ubaya wote wa kisa, anatoka amejilaani. Kisa hiki kina watu tisa, na wengi wao wanasaidia. Ukikosa wanaosaidia ndani yako, rudi kwa watumishi.

*Umefaulu ikiwa:* kuna angalau sentensi moja nyekundu ambayo hungependa mtu wa nyumbani aisome.

## Hatua ya 6: Funga kisa kwenye wiki yako (siku ya 5)

Chagua tukio moja la siku saba zilizopita. Liwe na mahali na saa: kwenye taksi kutoka Nateete, mkutano wa SACCO, meza ya chakula Jumanne. Andika sentensi tano hadi saba ukitumia vitenzi vya kisa: nilifika vipi, nilisimama mlango gani, nilikasirikia nini, ningeshuka wapi.

Bila hatua hii, ishara hubaki hewani. Mtu anaweza kuzungumza miaka kumi juu ya "kushuka Yordani" na asijue Yordani ilikuwa ni kumpokea simu kaka yake.

## Hatua ya 7: Pima (siku ya 6)

Msomee yule msikilizaji wako hatua ya 5 na ya 6, kadiri unavyoweza. Kisha pimeni pamoja kwa maswali manne.

Je, imevunja habari? Kama tafsiri yako inahitaji Elisha atoke nje, iache.

Je, mbaya bado yuko nje? Msikilizaji ataligundua hili kabla yako.

Je, inakuza upendo wa Mungu na wa jirani? Kipimo hiki ni cha Augustino wa Hippo: anayedhani ameelewa Maandiko, lakini uelewa wake haujengi mapendo hayo mawili, bado hajayaelewa. Kinafaa kwa sababu hakijali tafsiri ina werevu kiasi gani.

Je, kuna anayetaka mwili wako au mali yako kwa jina la ishara hii? Swali hili usilifanyie mzaha. Kanungu, Uganda, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya watu walikufa kwa moto ndani ya kanisa la kikundi kilichokuwa kikingoja mwisho wa dunia. Jangwa, moto, kifo cha utu wa kale: yote hayo katika usomaji huu ni mambo ya moyo. Mtu akikwambia uyatimize kwa mwili, yaani ukae bila chakula mpaka uanguke, umkabidhi hati ya kiwanja, uwatoe watoto shuleni, umwache daktari, hiyo si tafsiri ya kujadili. Funga daftari, ondoka, na uwaambie watu wa nyumbani.

## Hatua ya 8: Tendo moja dogo (siku ya 7)

Kutoka hatua ya 6, toa tendo moja linalochukua chini ya saa moja na lisilo na watazamaji. Watumishi walimuuliza Naamani: ungeambiwa jambo kubwa, usingelifanya? Tatizo lake lilikuwa udogo wa jambo. Andika tendo, andika tarehe, lifanye kabla jua halijazama.

Halafu usitazame ngozi kila baada ya dakika tano. Kujichovya mara moja hakumalizi, na wiki ya kwanza mara nyingi haionyeshi kitu.

## Dalili kwamba unasoma sawasawa

Usitarajie maono. Dalili ni za chini kuliko hapo. Unaanza kujishika katikati ya hasira na kusema "afande ameamka". Unasikiliza mtu mdogo, mfanyakazi wa ndani au mtoto, mahali ambapo zamani ungemkatiza. Unasoma kisa kilekile baada ya miezi mitatu na kuona mstari ambao unaapa haukuwapo.

Na hubadiliki kuwa mtu mwingine kabisa. Naamani alirudi Dameski, kazi ileile, mfalme yuleyule, akijua kwamba siku moja ataingia tena katika nyumba ya Rimoni, mungu wa Washami, akiwa ameegemewa mkono na bwana wake. Alichobeba kipya ni udongo. Elisha hakumkemea, alimwambia aende kwa amani.

Kama wiki imepita na hakuna sentensi iliyokuuma, usilazimishe. Visa vingine hufunguka kwa wakati wake tu. Kiache, nenda kwa Yakobo pale Yaboki, anza na swali analoulizwa gizani: jina lako nani? Mara ya mwisho alipoulizwa na baba yake yeye ni nani, alijibu kwa jina la kaka yake.

## Wiki nne zinazofuata

Wiki ya 2, Mara. Aya sita tu. Siku tatu baada ya kuvuka bahari, maji ya kwanza ni machungu. Angalia kwamba Musa haambiwi atafute kisima kingine. Anaonyeshwa mti, anautupa mumo humo. Soma mpaka wafike mahali paitwapo Elimu, penye chemchemi 12 na mitende 70, uone kilichokuwa mbele ya wale waliokuwa wakinung'unika.

Wiki ya 3, mwana mpotevu. Hapa kosa ni moja: kila mtu hukimbilia kuwa mdogo. Tumia siku ya 3 na ya 4 zote kwa kaka mkubwa, aliyesimama nje akisikia muziki.

Wiki ya 4 na ya 5, Yona. Ni kirefu kuliko vingine, sura 4, kwa hiyo kipe wiki mbili. Fuata kitenzi *kushuka*: anashuka Yafa, anashuka ndani ya merikebu, anashuka mpaka chini ya milima. Kitabu kinaishia kwenye swali la Mungu kuhusu Ninawi, watu zaidi ya 120,000 na wanyama wengi, na Yona hajibu. Usimjibie. Nakili swali hilo kwa kalamu ya bluu na uache nusu ukurasa wazi chini yake.